Vyumba Viwili vya Bibi wa Kiti

Jumanne, 6 Mei

Sasa hivi Kidoti ametumbukiza mkono kwenye ndoo ya chokaa, akautoa, akatembea polepole kama mtu anayepeleka sadaka, akamchapa Mama Kwaya kofi la makalio. Paa! Vidole vitano vyeupe kwenye sketi nyeusi. Wanaume waliokuwa wanashusha matofali wakageuka wote kutazama mlima, mabega yanatetemeka. Mimi nikajifanya sijui huyo mtoto ni wa nani.

Mama Kwaya ndiye mkuu wetu sisi wanawake tuliokuja kujitolea. Ametoa hukumu: mtoto anarudi na lori la Ijumaa, na aliyemleta anarudi naye. Kosa ni langu, nakubali. Kanisani tulitangaziwa wiki tatu za kuwajengea watu waliofukiwa na tope, na watoto wasije. Nikamwambia Katibu wa kanisa letu kwamba Kidoti wangu anabaki kwa wifi. Siku ya safari nikamlaza katikati ya magodoro ndani ya lori nikamfunika shuka. Mpango safi. Tulipofika mlima wa kwanza akaanza kuimba.

Siwezi kurudi Ijumaa. Kwa kaka yangu tunalala sebuleni. Kila asubuhi nakunja godoro kabla wifi hajatoka chumbani, maana akilikuta linamharibia siku. Baba Kidoti aliondoka kutafuta maisha, nadhani ameyapata, maana hajarudi. Siku naaga, wifi alisema niende tu nikajenge, labda nitajijengea na mimi, kwa sababu pale kwake haoni tena pa kunilaza. Akacheka. Mimi njia nzima nililifikiria. Kwani ubaya uko wapi? Wazo ni wazo hata likitoka kwa wifi.

Mji huu nusu upo, nusu haupo. Miezi miwili iliyopita mlima uliteremka asubuhi watu wakiwa wanakunywa chai. Tope limekauka, limekuwa gumu kama sakafu. Leo nimeona kabati la nguo limesimama peke yake, nyumba hakuna. Nikalifungua. Nguo zimekunjwa vizuri, na mtu anayejua kukunja. Nikalifunga.

Jumatano, 7 Mei

Nimepewa masufuria. Yote! Yale ambayo ukitaka kuyasugua unaingia kichwa na mabega. Naadhibiwa kwa makalio ya mtu mwingine.

Lakini tumepata mwokozi. Kuna bibi hapa, wote wanamwita Bibi wa Kiti. Kila asubuhi anatoka kwenye mahema pale shuleni na kiti cha plastiki kichwani, anakwenda mpaka nyumba yake ilipokuwa, anakaa. Jioni anabeba kiti anarudi. Macho yake yana ukungu, anaona vivuli tu. Kidoti akamfuata, akapanda mapajani bila hodi. Nikakimbia kumtoa. Bibi akamshika nyayo, akazipima kwa kiganja, akauliza ana umri gani. Nikasema miwili na nusu. Akazipima tena. Halafu akasema mwache alipo.

Mama Kwaya akaja na kidole chake cha lori la Ijumaa. Bibi akamwuliza yeye ni nani. Akajibu ni mkuu wa wanawake. Bibi akamwambia huo ukuu aushushe mlangoni, kwa sababu hapo alipo amesimama jikoni kwa watu, na huyu mtoto ni mgeni wa nyumba hii. Mama Kwaya akatazama chini. Tope tupu. Akatazama juu. Jua tupu. Akatoka jikoni. Tena alitoka kwa kupitia pale Bibi alipoonyesha kuwa ndipo mlango!

Kwa hiyo tunabaki. Bibi anamshika Kidoti mimi nikiwa kwenye masufuria.

Mchana Katibu amepita na daftari lake la nyumba, kalamu sikioni. Utaratibu ni huu: mtu aliyebaki peke yake anajengewa chumba kimoja. Wakiwa watatu au zaidi, vyumba viwili. Bibi ameandikwa mtu mmoja.

Mtu mmoja. Haoni. Nani atamwashia moto? Nani atamwambia maziwa yamechemka? Nimeanza kufikiri na sufuria likiwa kichwani, na mawazo yanapiga mwangwi humo ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Lori limeondoka bila sisi. Nimelipungia mkono.

Leo nimepiga hatua. Nilikuwa namchana Bibi nywele, nikamwuliza kama kupitisha muda tu: humu mlikuwa wangapi? Akasema watatu. Halafu akaniomba maji. Nikampa. Sikuuliza zaidi. Mtu akishasema watatu, unataka nini tena? Watatu ni vyumba viwili!

Nikamfunga Kidoti mgongoni, nikamtafuta Katibu. Nimemkuta kwenye foleni ya watu arobaini, kila mtu anamsemea sikioni. Nikamwambia kuna kosa kwenye daftari, Bibi wa Kiti ana binti na mjukuu. Akauliza wako wapi. Nikasema wamejishikiza kwa jamaa, nyumba ikiisha watakuja. Hakuniangalia hata usoni. Akafuta moja, akaandika tatu, akaandika na maneno pembeni. Kwa kalamu ya wino!

Sijadanganya sana. Mimi si binti? Kidoti si mjukuu? Tumejishikiza kwa jamaa, au wifi si jamaa? Nyumba ikiisha tutakuja, au tuko hapa tayari. Nimeligeuza neno kwa neno, naona uongo wake ni mdogo, kama wa kumwambia mtoto dawa ni tamu. Siku ya kukabidhiwa nitamwambia Bibi taratibu, na yeye atafurahi, maana ameshamzoea Kidoti. Leo amemfundisha kupiga miayo kwa heshima.

Chumba chenye mlango. Mlango unaofungwa kwa ndani. Nimelala mchana nusu saa nikakiota.

Jumapili, 11 Mei

Sijui niandikeje.

Ibada ilikuwa chini ya turubai. Baada ya mahubiri Katibu akasimama kusoma nyumba zitakazojengwa. Hapa wana desturi yao: jina la nyumba likisomwa mwenyewe anasimama, wanatajwa watu wake wote, kanisa linaitikia amina. Yaliposomwa majina ya wengine, amina zilikuwa nzito, kwa sababu kila mtu anajua nyumba ile ilikuwa na watu wangapi zamani.

Katibu akasoma: Bibi wa Kiti, na binti yake, na mjukuu wake, vyumba viwili.

Amina haikuja.

Bibi akasimama. Akauliza, wameonekana? Kwa sauti ndogo, kama anauliza bei ya kitu ambacho hawezi kukinunua. Akauliza tena kwa nguvu, wanangu wameonekana? Katibu akatazama daftari, jasho linamtoka, akasema ndivyo ilivyoandikwa hapa, mama. Ndivyo ilivyoandikwa!

Bibi akapiga vigelegele. Peke yake. Kanisa zima kimya, na yule mzee mwenye macho ya ukungu anapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mama Kwaya akaanzisha wimbo ili kumfunika, hakuna aliyeitikia.

Mimi nilikuwa chini ya benchi natafuta kiatu cha Kidoti. Kidoti hakuvaa viatu.

Jirani wa Bibi, fundi cherehani, ndiye aliyenieleza huku analia. Binti alikuwa anamnywesha mtoto uji. Bibi alikuwa ametoka kununua chumvi. Watu walichimba siku kumi na mbili, hawakuwapata, wakaacha. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu.

Sikujua. Naapa sikujua! Alisema watatu, akaomba maji.

Nilipaswa kusimama pale pale niseme. Badala yake nikaendelea kutafuta kiatu. Katibu ameulizwa nani alimwambia, akasema dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nusu ya wanawake wa hapa wana mtoto mgongoni. Mungu amenisitiri. Au ameniacha, sijui tofauti yake.

Jumatatu, 12 Mei

Bibi amehamisha kiti. Sasa anakaa barabarani. Kila gari likisimama anainuka, anauliza kama wamekuja na mwanamke na mtoto. Dereva wa saruji ameulizwa mara tatu, mara ya tatu akabaki ndani ya gari anajifuta uso.

Chakula hali. Anakigawa katika sahani mbili, anazifunika kwa beseni.

Nimekata shauri kusema. Nimeanzia mbali, kama mtu anayevua samaki. Nikasema Bibi, daftari ni karatasi, na karatasi hukosea. Akaniwekea kidole mdomoni. Akasema miezi miwili wote walimwambia wamekufa. Mchungaji, jirani, wachimbaji. Akagombana na mahema yote. Wakamwona kichaa wa kiti. Sasa daftari la kanisa limemtetea, na mimi mwanaye wa hiari nataka kumnyang'anya? Akanishika shavu. Akasema najua unaniogopea nisivunjike moyo, wewe una roho nzuri.

Roho nzuri! Nilienda nyuma ya choo nikalia, nikarudi nikasugua masufuria mawili ambayo yalikuwa safi.

Halafu nikamwendea Katibu. Nilifika mpaka mbele yake. Nikasema hivi wale wa Bibi wakiwa hawapo itakuwaje? Akasema itarudi chumba kimoja, na matofali yatahamia kwa mwingine, japo msingi wa vyumba viwili wameshauchimba. Akavua miwani. Akauliza, kwani dada unajua jambo?

Msingi wameshauchimba.

Nikasema hapana, nauliza tu.

Alhamisi, 15 Mei

Ukuta wa nyumba ya Bibi umefika madirishani. Nimeomba kutolewa kwenye masufuria, sasa nampa Fundi mwashi matofali na maji. Fundi ananiita Injinia kwa sababu kila saa nauliza chumba cha pili kina upana gani. Amesema wasimamizi wote aliowahi kufanya nao kazi hawajawahi kupenda chumba hivi.

Upana unatosha. Godoro ukutani, nguo zetu kwenye kamba pale kona, ndoo nyuma ya mlango. Nilisimama katikati nikafumba macho. Nikajiona. Halafu nikamwona na yule mwingine, simjui sura, ana kijiko cha uji. Nikatoka nje haraka.

Bibi amekuja kupapasa kuta. Akamwambia Fundi dirisha la chumba cha pili liko juu mno, mtoto hataona nje. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mwiko. Akabomoa mistari miwili ya matofali, akalishusha. Kazi ya nusu siku.

Nilimsimamisha Kidoti pale dirishani. Kidevu chake kinafika sawasawa. Nilifurahi, halafu nikajichukia, halafu nikafurahi tena kidogo.

Mama Kwaya amesema mbele ya wote wakati wa chakula kwamba aliyempa Katibu habari ile, Mungu anamjua kwa jina na ukoo. Akasema huku anachota maharage, na mimi akanichotea mchuzi mtupu. Nikamwitikia kwamba kweli dunia ina watu wabaya. Nikanywa mchuzi wangu.

Jumatatu, 19 Mei

Leo wanaume wanaochimba mtaro, chini kule kwenye shimo la mchanga, wamekuta nguo. Halafu wakaitisha turubai la kufunikia.

Ni mwanamke. Mtoto amefungwa mgongoni, fundo kifuani, limekazwa. Alikuwa amemfunga. Maana yake alipata muda wa kukimbia.

Fundi cherehani akaletwa. Akashika ukingo wa gauni, akageuza upindo, akaona mshono wake mwenyewe. Akakaa chini.

Walimwendea Bibi barabarani, Mchungaji mbele. Akawasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akasema poleni na msiba. Akasema huyo ni binti wa mtu mwingine, na mama yake atafutwe apewe taarifa, maana hakuna kitu kibaya kama kutojua. Wake yeye wako kwenye daftari. Hakwenda kuzika.

Tukazika sisi. Kwenye kibao Mchungaji hakujua aandike nini bila ruhusa ya mama mtu, kwa hiyo imeandikwa mama na mtoto, basi. Nilitupa udongo. Kidoti naye akachota kwa kiganja chake akatupa, akasema lala. Mama Kwaya akambeba. Akambeba mpaka mwisho, kichwa cha mtoto begani. Hakunisema kitu. Ningependa angenisema.

Kutoka makaburini nikaenda moja kwa moja kwa Bibi. Nikapiga magoti. Nikasema ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia Katibu, sikuwa najua, nilitaka chumba, nisamehe. Nikasema yote, bila kuzunguka. Mara ya kwanza maishani mwangu nasema jambo lote kwa mkupuo.

Bibi akanipapasa mabega. Halafu uso wake ukaanza kung'aa! Akasema kumbe ni wewe. Wewe mgeni, huwajui, hujawahi kuwaona, ungejuaje nina binti na mjukuu kama hukukutana nao? Mimi nilikuambia watatu tu. Sikukuambia binti. Sikukuambia mjukuu.

Nikasema nilibahatisha, Bibi.

Akacheka. Akanipigapiga mgongoni. Akasema mtu habahatishi mjukuu. Umekatazwa kusema, nimeelewa, sikulazimishi. Ukiwa tayari utaniambia.

Ukweli nimeusema. Umeshindwa kuingia. Sasa mimi nifanye nini?

Jumamosi, 24 Mei

Wamekabidhi nyumba. Ya Bibi ni nzuri kuliko zote, na sisemi hivyo kwa sababu nimeibeba kwa kichwa tofali kwa tofali. Bati linang'aa. Mlango wa chumba cha pili una komeo kwa ndani, nimelijaribu mara tano.

Nilikuwa nimejipanga. Nimeoga, Kidoti nimempaka mafuta mpaka anateleza, kifurushi chetu nimekiweka karibu na kizingiti kama kimejisahau pale chenyewe. Bibi akapokea funguo mbili. Wa mbele akauvaa shingoni. Kwa ule wa pili akaenda akafungua chumba, akatandika godoro la msaada, akalainisha shuka kwa mikono yote miwili, akaweka kikombe kidogo dirishani. Akatoka. Akafunga. Akauvaa na huo ufunguo.

Nikamwuliza kwa mzaha, sisi je, Bibi? Akasema ninyi wanangu mwende salama, lori lenu si Jumatatu? Nikasema naweza kubaki kukusaidia kidogo. Akasema hana shida, binti yake ana mikono mepesi na anakuja. Chumba cha mbele je, nikamwuliza. Akasema hapo yeye atalala, mguu mlangoni, wakifika asichelewe kuwasikia.

Akambusu Kidoti miguu, mmoja mmoja. Akaniambia sikioni, ukiwaona waambie waharakishe.

Nikabeba kifurushi. Fundi akauliza Injinia unakwenda wapi. Nikasema kunyoosha mgongo.

Jumatatu, 26 Mei

Lori linaondoka saa sita. Kaka ametuma ujumbe kwa simu ya Katibu. Wifi amempa mdogo wake sebule. Godoro letu liko chini ya mti wa jirani, kaka amelifunika kwa mfuko wa saruji kwa sababu mvua zimeanza. Anasema pole sana dada. Kaka yangu ni mpole, angekuwa mkali kidogo ningekuwa na pa kulala.

Kwa hiyo asubuhi nimefikiri. Lakini safari hii nimefikiri vizuri, sio kama ile ya kwanza! Ile ya kwanza kosa lake lilikuwa moja, sikumpa Bibi maelezo ya kutosha. Nilimwachia Katibu aseme mbele za watu, na Katibu hana ulimi wa habari nyeti. Habari kama hizi zinataka mtu wa karibu, anayempenda. Na mimi nampenda. Hilo sijalitia chumvi.

Nimekwenda kwake saa mbili. Nikamwambia niko tayari. Akaweka kikombe chini. Nikasema kweli nilikutana nao. Binti amevunjika mguu, yuko mbali, kwa watu wema, hawezi kusafiri kwa sasa. Itachukua muda, labda mpaka mavuno. Mtoto mzima. Na ametuma salamu, anasema chumba kisikae kitupu, chumba kitupu kinaingia unyevu, akae humo mwanamke mwenye mtoto mpaka yeye apone.

Bibi akalia. Machozi mazuri, sio yale. Akala! Kwa mara ya kwanza amemaliza sahani nzima, na ile ya pili akampa Kidoti. Akauvua ufunguo shingoni akauweka kiganjani mwangu, bado una joto lake. Sasa niambieni, nimemdhuru nani? Amekula. Tutakaa naye. Nitamwongoza chooni, nitamchemshia uji, na siku kwa siku nitaupunguza ule uongo, kidogo kidogo, mguu utachelewa kupona, halafu salamu zitakuwa chache, halafu tutakuwa tumezoeana hatutakumbuka. Kwa mavuno mambo yatakuwa yamenyooka. Nina hakika.

Lori limepiga honi. Mama Kwaya amekuja hadi mlangoni, akatazama ufunguo mkononi mwangu, akatazama godoro, akatazama Kidoti anayeruka juu yake. Nikasubiri kidole. Akafungua mkoba wake akatoa sweta ya mtoto, akaiweka kizingitini, akaondoka bila kuniaga. Vumbi la lori limeshapita dirishani. Tumebaki! Nimekaa kwenye chumba changu, mgongo ukutani, na hapa ndipo ninapoandika.

Bibi ananiita toka mbele. Nimemwambia nakuja. Anaita tena, anasema nije na kalamu na karatasi, anataka kuwajibu salamu zao, nimwandikie leo leo kabla lori la saruji halijatoka, anasema nianze kwa kumwuliza binti yake kama mtoto usiku bado anaamka akitaka uji.